Tundu

Moyo wameuzibua, nashukuru.
Daktari alinionyesha kwenye skrini:
mshipa umebana kama koo la mwenye kwikwi,
kisha ukaachia, na weusi wa dawa
ukatiririka hadi nchani.
Nusu saa. Sikusikia kitu ila baridi ya chumba.

Lakini njia waliyopita!
Mkononi iliwashinda, mshipa ulijikunja,
wakashukia kwenye kinena, upande wa kulia,
mahali ambapo hata marehemu mke wangu
hakupatazama taa ikiwaka.

Tundu dogo, waliniambia. Halifiki punje ya mtama.
Lala chali saa sita. Usikunje mguu.
Ukitaka kukohoa, weka mkono, bonyeza.

Mimi niliyefunga mabomba ya maji chumvi
miaka ishirini na tisa kwenye mtambo wa Ghubra,
mimi wa kuambiwa tundu dogo?
Maji hayaulizi tundu lina ukubwa gani.
Yanauliza nyuma yao nani anasukuma.

Saa tano niliziweza. Ya sita ilinishinda.
Isha ilikuwa inanipita. Mpwa wangu Badria akasema,
"Sali hapo hapo, ami, kwa macho,
dini haikukaza hivyo."
Mimi mbishi.
Nikakunja goti nitafute ndara.

Haikuuma. Ilipasha moto.
Uvuguvugu ukatambaa chini ya shuka
kama nimejikojolea,
na ndani ya ngozi kitu kikawa kinajaa:
ndimu,
kisha chungwa.

Akaja Biju, yule muuguzi wa Kerala,
kijana mwembamba, masharubu ya kuhesabika.
Hakupiga kelele. Alivaa glavu,
akaweka ngumi juu kidogo ya tundu, si juu yake,
akaniegemea kwa uzito wote aliopewa na mama yake.
"Dakika ishirini, baba," kwa Kiarabu chake cha wodini.
Nikamtukana kwa Kiswahili cha Wete.
Akatabasamu. Hakuelewa, au alielewa.

Jasho lake likanidondokea kifuani.
Ya saba nikaona mikono inamtetemeka,
nikataka kumwambia: mwanangu, usichungulie.
Kila mwanagenzi niliyemfundisha
aliinua kitambaa aone kama pamekauka,
na anayechungulia huanza upya.
Biju alitazama saa ya ukutani tu.

Katikati akawa ananiuliza: mgongo? kiuno? kizunguzungu?
Nilijua anatafuta nini.
Tangi la tatu liliwahi kuvuja chini ya sakafu,
juu pakavu, unaweza kutandika mkeka,
na sisi tukajua kwa pampu kukohoa.
Damu nayo ina sakafu yake, nyuma ya tumbo.
"Hapana," nikasema. "Hapo ulipokaa wewe tu."

Siku ya tatu daktari wa kike, Shariffa,
akaweka stetoskopu pale, akanyamaza mno.
Shwaa, shwaa.
Kifuko kilijijenga kando ya mshipa, kinapiga,
moyo wa pili, usio na nikaha.
Wakaniwekea ultrasaundi, wakaingiza sindano,
tone la dawa ya kugandisha,
na pale kwenye picha palipokuwa pakizunguka
nyekundu na buluu
pakawa kijivu. Kimya. Badria akalia,
ingawa kwenye moyo wenyewe hakulia.

Sasa niko nyumbani, Mabela, wiki ya nne.
Paja limepita zambarau, limepita kijani,
limeishia manjano ya embe lililolala, mpaka gotini.
Wageni wanakuja na uji wa ngano, wanauliza moyo.
Moyo mzima, nawaambia.
La mlangoni siwasimulii.

Bakuli la halua nilimpelekea Biju.
Wakasema yuko zamu ya usiku, nikaliacha kaunta.

Wakati mwingine, kiyoyozi kikizidi,
nikohoe msikitini, katikati ya safu,
na mkono unakwenda wenyewe.